Kuhani Alingoja Siku Saba: Somo kwa Aliyepewa Majibu Asiyoyatarajia

Andiko kuu: Walawi 13:1-8

Najua wengine mtashangaa somo la juma hili limefikaje kwenye kijitabu cha mahubiri, maana tunaongea juu ya picha ya kichwa, ile watu wanaita skani. Limefika hapa kwa sababu limefika kwa washirika wetu. Mtu anaanguka na bodaboda huko njia ya Kalemngorok, anagonga kichwa, anatumwa hospitali kubwa apigwe picha ili ionekane kama damu imevuja ndani. Majibu yanatoka: hakuna damu. Watu wa nyumbani wanasema asante Yesu. Halafu daktari anaongeza sentensi moja tu: lakini tumeona kitu kingine kidogo, ambacho hatukuwa tunakitafuta.

Hapo ndipo safari nyingine inaanza. Mtu alienda Eldoret na jeraha la nje, sasa anarudi Katilu na hofu ya ndani. Kwenye gari haongei. Akifika anaficha bahasha chini ya godoro. Usiku hasinzii, anasikiliza kichwa chake kama mtu anayesikiliza mwizi nje ya boma.

Katika huduma yangu hapa nimeketi na washirika kadhaa waliorudi na bahasha ya namna hiyo, na nimeona jambo moja: mara nyingi kinachomuumiza mtu kwanza si kile kilichoonekana, ni vile alivyokipokea, na vile sisi kanisa tulivyompokea yeye. Kwa hiyo tujifunze.

1. Picha inaonyesha, haihukumu

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, basi mnivumilie nitoe mfano wa vitabu vya hesabu. Mkaguzi anakuja kukagua pesa taslimu. Akipekua, anakuta risiti moja haina sahihi. Hakuitwa kwa ajili ya hiyo risiti, lakini ameiona, kwa hiyo lazima aiandike. Hiyo inaitwa hoja ya ukaguzi. Hoja si wizi. Pengine karani alisahau tu. Pengine kweli kuna mtu amekula. Hoja inasema: hapa paangaliwe. Mtu akifukuzwa kazi siku hiyohiyo kwa sababu ya hoja, huo si ukaguzi tena, ni uonevu.

Daktari anayesoma picha ya ubongo ni mkaguzi. Mashine haichagui cha kuonyesha. Umeenda kutafutiwa damu, lakini inaonyesha kila kitu, hata kile ulichozaliwa nacho. Mtu anaweza kuwa na kifuko cha maji kando ya ubongo tangu tumboni mwa mama yake, akaoa, akazaa, akachunga ngamia mpaka akazeeka, na asijue kamwe.

Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya watu 2000 wa kawaida, wa umri wa miaka 45 kwenda juu, waliopigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Hawakuitwa kwa sababu ni wagonjwa. Asilimia 7.2 walikutwa na alama za kiharusi kidogo ambacho hawakuwahi kujua kiliwapitia. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliovimba mahali fulani kama puto dogo. Asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio saratani, mwingi wake ule unaoota kwenye utando unaofunika ubongo na ambao kwa kawaida hukua polepole. Wote hao walikuwa wanatembea, wanapika, wanaenda sokoni. Sisemi vitu hivyo ni vya kupuuza. Nasema si wewe peke yako, na kuonekana kwa kitu si sawa na kufa.

2. Sisi watu wa Turkana tunalijua jambo hili

Msidhani hii ni habari ya Wazungu. Turkana inajulikana duniani kwa ugonjwa wa haidatidi, ule wa mifuko ya maji ndani ya mwili, unaotokana na mnyoo wa mbwa. Mara nyingi mifuko hiyo hukaa kwenye ini, wakati mwingine kwenye mapafu, na mara chache sana hata kwenye ubongo. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huku kwetu, na katika miaka hiyo ya themanini wataalamu walizunguka na mashine ndogo ya kupiga picha ya tumbo, wakiwafuata wafugaji huko huko waliko.

Fikiria mtu aliyekuja kuangalia tu hiyo mashine ni kitu gani. Analazwa chini, anapakwa mafuta tumboni, anaambiwa: una mfuko wa maji kwenye ini. Yeye anajisikia mzima! Wengine walihitaji upasuaji, wengine dawa. Lakini madaktari pia walijifunza kwamba mifuko mingine hukaa bila kukua, na mingine hufa yenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo njia iliyo salama ni kumwangalia, kumpiga picha tena baada ya muda, na kulinganisha.

Na kuna jambo lingine tulilioona na macho yetu. Mnakumbuka Septemba 2013? Serikali na UNESCO walitangaza kwamba picha za setilaiti zimeonyesha maji mengi sana chini ya ardhi yetu, huko Lotikipi na hapa Lodwar. Nchi nzima ikashangilia, watu wakasema ukame umekwisha. Baadaye vipimo vikaonyesha maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa hivyo hivyo. Picha haikudanganya, maji yalikuwako. Lakini picha ilisema kuna kitu, haikusema kina ladha gani. Basi, kama furaha inaweza kuja kabla ya wakati wake, hata hofu inaweza kuja kabla ya wakati wake.

3. Kuhani aliambiwa angoje

Sasa fungua Walawi 13. Sura hii watu huiruka, wanaona ni ya vidonda tu. Isome polepole. Mtu ametokewa na alama kwenye ngozi. Analetwa kwa kuhani. Kuhani anaangalia. Kama alama iko wazi kwamba ni ukoma, anasema wazi. Lakini kama haiko wazi, Bwana hakumwambia kuhani abahatishe, wala hakumwambia amfukuze mtu kambini siku hiyo. Alimwambia amweke kando siku saba, kisha amwangalie tena. Kama alama haijaenea, amweke siku saba nyingine. Akimwangalia mara ya tatu na alama imefifia, haikuenea, basi anamtangaza kuwa safi. Ilikuwa kipele tu. Afue nguo zake, arudi nyumbani.

Umeona swali la kuhani? Imeenea au haijaenea? Ndilo swali la daktari anapokuambia urudi baada ya miezi sita upigwe picha nyingine. Anataka kujua kama kitu kimekua. Hakupuuzi. Hajakukatia tamaa. Hakufichi. Anafanya kile ambacho Mungu mwenyewe alikiagiza jangwani: kati ya kuona na kuhukumu, aliweka siku saba.

Na mstari wa saba na wa nane usiuruke. Alama ikienea baadaye, mtu anarudi kwa kuhani. Kungoja si kusahau. Tarehe ya kurudi ni sehemu ya kungoja.

4. Watu wanne tunaowaona katika Biblia

Habari mbaya ikimfikia mtu ghafula, moyo hukimbilia mahali. Angalia hawa wanne, ujue wewe unakimbilia wapi.

*Hezekia aligeukia ukuta* (2 Wafalme 20:1-7). Alisikia habari ya kifo, akawageuzia watu kisogo, akalia sana. Wengi wetu tunafanya hivyo, hasa wanaume. Nataka uone kwamba Mungu hakumkemea kwa machozi yake. Hofu ya siku ya kwanza si dhambi, ni mwili. Lakini Hezekia alipougeukia ukuta aliongea na Bwana, hakunyamaza na huzuni peke yake. Akaongezewa miaka 15. Na neno la uponyaji lilipokuja, lilikuja pamoja na mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Nabii yuleyule aliyeleta neno ndiye aliyeagiza dawa. Hakuona kwamba vinagombana.

*Ahazia alituma watu Ekroni* (2 Wafalme 1). Huyu alianguka kutoka orofani, akaumia. Hakutaka kujua ana nini, alitaka kujua kama atapona, na akaenda kuuliza mahali pasipo pa Mungu. Hapa kwetu mnanielewa. Picha imeonyesha kivuli, na kabla ya jua kutua mtu yuko kwa emuron kuuliza nani amemfanyia hivi. Anarudi na jina la jirani, wakati mwingine jina la shemeji. Sasa kivuli ni kilekile, lakini boma limepasuka. Mpendwa, mashine haijaandika jina la mtu kwenye picha yako. Usilitafute.

*Naamani alikasirika* (2 Wafalme 5). Alisafiri mbali, na farasi na zawadi, akitegemea jambo kubwa. Akaambiwa jambo dogo. Akaondoka kwa hasira. Huyu ni mtu anayesema: nimetoka Katilu mpaka Eldoret, nimelala njiani, nimelipa, halafu daktari ananiambia hakuna dawa, nirudi baada ya miezi sita? Huyo daktari hajui kazi! Kisha anaanza kutafuta mtu wa kumfanyia kitu kikubwa. Mshirika mmoja aliuza mbuzi kule Lokichar kwa ajili ya upasuaji ambao hakuna daktari aliyekuwa ameuagiza. Hofu iliagiza. Alipokuja kuuliza vizuri, akaambiwa kitu chake ni cha kuangaliwa tu. Mbuzi walikuwa wameshaenda. Naamani aliokolewa na watumishi waliomwita baba na kusema naye kwa upole. Kila mgonjwa anahitaji mtu wa hivyo karibu.

*Asa aliwatafuta waganga tu* (2 Mambo ya Nyakati 16:12). Watu hutumia andiko hili kusema hospitali ni ukosefu wa imani. Lisome vizuri. Kosa la Asa si kwamba alienda kwa waganga, ni kwamba hakumtafuta Bwana. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Asa wa leo ni mtu aliyemwachia mashine moyo wake wote. Kila kichwa kikimuuma kidogo ni kile kitu. Akisahau jina la mtu ni kile kitu. Anazunguka hospitali hii na ile akitafuta atakayemwambia hakitakua kamwe, na hakuna binadamu anayeweza kumwambia hivyo. Uhakika huo haununuliwi. Hapo ndipo imani inapofanya kazi yake: kuishi vizuri na jambo ambalo bado halijajulikana, mikononi mwa yule anayelijua.

5. Na kuombewa je?

Tunaomba. Sisi ni kanisa la Kipentekoste, tunaamini Yesu anaponya leo, na hatutaacha kuweka mikono juu ya wagonjwa. Lakini tuangalie Luka 17. Wale kumi wenye ukoma walipolia, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Yaani wapimwe! Walitakasika wakiwa njiani. Yesu hakuogopa kipimo. Basi ukiombewa na ukaamini umepona, nenda siku yako ya kurudi ikifika, upigwe picha. Kama kitu hakipo, daktari mwenyewe ataandika ushuhuda wako. Kama kipo, hujamwaibisha Mungu. Na dawa, ya presha au ya kifafa, usiiache kwa sababu umesikia joto wakati wa maombi. Aliyekuandikia ndiye akuondolee.

Neno kwa kanisa, na nalisema kwa uzito. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walikaa naye chini kimya (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua mdomo. Kuna dada aliacha kuja ibadani kwa sababu mtu alisimama mbele ya watu akasema ameona jeneza. Dada huyo alikuwa ameambiwa hospitalini kwamba kitu chake ni kidogo na hakina haraka. Kuhani wa Walawi, mwenye mamlaka ya kutangaza, aliambiwa angoje. Wewe usiye kuhani wala daktari umepata wapi haraka hiyo? Habari ya bahasha ya mtu ni yake. Usiipeleke kisimani, usiipeleke kwenye kikundi cha WhatsApp kama hoja ya maombi bila ruhusa yake.

6. Mambo ya kufanya

Usiende peke yako kusikia majibu. Hofu hufunga masikio. Nenda na mtu mtulivu, aandike. Kama lugha inakuwa ngumu, omba mtu anayejua Kiturkana atafsiri, usitikise kichwa tu. Muulize daktari maswali haya:

Mmeona nini, na mna uhakika kiasi gani? Je, ndicho kinacholeta maumivu niliyonayo, au kimeonekana tu? Kisipoguswa, kwa kawaida huwaje? Nirudi tarehe gani? Ni dalili gani zinirudishe kabla ya hapo?

Weka picha, CD na ripoti mahali pamoja, pakavu. Picha ya pili haina maana sana bila ya kwanza, maana kazi yote ni kulinganisha. Angalia pia kadi yako ya SHA iko sawa kabla ya safari.

Pima presha. Zile alama za kiharusi kidogo na ule mshipa uliovimba vyote vinahusiana sana na presha ya juu na tumbaku. Kwa hiyo picha inayokutisha inaweza kuwa rehema, imekuambia mapema mahali pa kurekebisha.

Na sikiliza vizuri: si kila kitu ni cha kungoja. Mshirika wetu mwingine aliambiwa anahitaji upasuaji, na alihitaji kweli. Kuhani naye, alama ikiwa wazi, hakungoja. Ukipata maumivu makali ya kichwa yaliyokuja ghafula kuliko yote uliyowahi kupata, au kuanguka kifafa, au upande mmoja wa mwili kulegea, au mdomo kupinda, au kushindwa kuongea, au macho kupoteza nuru, au kutapika kusikokoma pamoja na kichwa kuuma, usingoje siku saba wala saa saba. Nenda hospitali hapa Katilu wakuelekeze mara moja. Mchungaji ataomba mkiwa njiani.

Maswali kwa ushirika wa nyumbani

1. Kati ya Hezekia, Ahazia, Naamani na Asa, wewe hufanana na nani habari mbaya inapokujia?
2. Katika Walawi 13, kungoja kulimlinda mgonjwa namna gani? Kuliwalinda watu wengine namna gani?
3. Ni maneno gani tunayosema kwa wagonjwa ambayo yanafanya waache kutuambia majibu yao?
4. Nani katika ushirika wenu anaweza kumsindikiza mtu hospitali kubwa? Andikeni majina mawili leo.

Tuombe

Baba, wewe unaona ndani yetu bila mashine. Mkumbuke kila mmoja aliye na bahasha ambayo hajamwonyesha mtu. Mpe usingizi usiku huu. Wape madaktari macho ya kuona vizuri na ulimi wa upole. Utupe sisi kanisa subira ya kuhani na huruma ya watumishi wa Naamani. Ponya, Bwana. Na pale unapotuambia tungoje, ungoje pamoja nasi. Katika jina la Yesu. Amina.